Kofia ya Chuchu Kwenye Kabati la Kijiji

Wadogo zangu mtakaochukua nafasi yangu zahanati,

Nimestaafu. Nina miaka ishirini na sita na mtoto wa miezi mitano, kwa hiyo najua mtacheka. Chekeni mmalize. Barua inasema nimeacha kazi kwa hiari yangu mwenyewe, na imepigwa muhuri wa kijiji, basi itakuwa kweli. Wazee wakistaafu huandika waliyoyaona kazini ili wanaokuja nyuma wasianze na ujinga uleule. Sioni kwa nini nisubiri mvi. Miaka saba ni mingi ukiipitisha umesimama.

Habari za vyeo sitaandika kwa sababu sikupewa. Posho mtaiona wenyewe. Nitaandika habari za kazi, na hasa za kitu kimoja kinachoenea kwenye kiganja, kwa sababu ndicho kilichonistaafisha.

Nilifika kijijini nikitoka moja kwa moja kidato cha nne Singida Mjini, bado nimevaa viatu vya shule. Kijiji kilikuwa kipya. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye mashamba yao ya uwele, nyumba zimepangwa kwa mstari, na upepo unapita katikati bila kuuliza njia. Zahanati ilikuwa chumba kimoja na kibaraza. Muuguzi mkunga aliitwa Bi. Salome, mwanamke mfupi wa Iramba, aliyejifunza kazi kwenye hospitali ya misheni, na ambaye hapandishi sauti hata mtu akizirai mbele yake. Yeye aliajiriwa na wilaya. Mimi niliajiriwa na kijiji. Kumbukeni tofauti hiyo, mimi sikuikumbuka mapema.

Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza, "Umenawa?"

Nikasema nimenawa asubuhi.

"Mimi nauliza habari za sasa."

Siku ile nilinawa mara kumi na moja. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchemsha vifaa. Ndani ya bati la biskuti mlikuwa na vitu viwili ambavyo sikuwahi kuviona: vibakuli vidogo vya kioo, mfano wa kikombe cha kahawa kilichopinduliwa, na juu ya kila kimoja imechomekwa chuchu ya mpira. Bi. Salome alivipata hospitalini alikosomea. Mama akiwa na chuchu bapa, au zilizoingia ndani, kioo kinakaa juu ya titi, mtoto anavuta ule mpira, maziwa yanapita. Jina lake la kitaalamu lilikuwa limefutika kwenye bati. Akina mama waliita kofia, na sisi tukaita kofia.

Nilivichemsha vizuri. Halafu, kwa kuwa nilikuwa na elimu ya sekondari na haraka, nikavitoa kimoja kimoja na kukimwagia maji ya mtungini kipoe upesi. Cha kwanza kikalia tak. Kikawa vipande vitatu.

Bi. Salome aliangalia vile vipande. Akaniuliza kama shuleni tulisoma sayansi. Nikasema tulisoma.

"Vizuri," akasema. "Sasa tuna moja. Utaitunza wewe."

Basi. Hakunitukana, na mpaka leo natamani angenitukana. Kila mama aliyesubiri zamu ya kofia katika miaka iliyofuata, alisubiri kwa sababu yangu. Kioo kipozwe chenyewe, juu ya kitambaa safi, na wewe ukae ukingoje.

Alinifundisha pia kwamba kofia ni jambo la mwisho. Mama akija analia kwamba mtoto hashiki, msikimbilie bati. Kaeni naye. Tazameni mtoto amekaaje. Wengi wanamlaza chali kama anayetazama dari, halafu wanashangaa hanyonyi. Mgeuzeni tumbo kwa tumbo na mama yake. Mama abane titi kama mtu anavyobana andazi nene kabla ya kuling'ata. Mtoto asubiriwe mpaka afumbue mdomo wote, ndipo asogezwe, kidevu kiguse titi, avute na ile sehemu nyeusi, siyo ncha peke yake. Kesi saba kati ya kumi ziliishia hapo, na mama akaondoka anatuona waganga.

Kesi ngumu ya kwanza niliyoachiwa mwenyewe, mwaka wangu wa sita kazini, alikuwa Hadija. Alikuwa na miaka kumi na minane, uzazi wa kwanza, chuchu zote mbili zimeingia ndani kama kitovu. Mtoto alikuwa na siku mbili, analia kwa sauti ya kukauka. Mama mkwe wake alisimama mlangoni amekunja mikono, akatangaza kwamba mtoto anakataa titi kwa sababu damu siyo ya ukoo ule.

Bi. Salome alikuwa anafunga kidonda cha mtu. Akajibu bila kugeuka, "Mama, mtoto wa siku mbili hajui ukoo. Anajua njaa."

Tulijaribu mikono siku nzima. Haikuwezekana. Kesho yake nikachukua kofia. Nilichovya ukingo wa kioo kwenye maji ya vuguvugu ili ushike ngozi, nikamwambia Hadija akamulie matone machache ndani ya ule mpira kwanza. Hilo msilisahau, mtoto mwenye njaa akivuta hewa mara tatu anakata tamaa, na hasira zake ni za haki. Mtoto alivuta. Kioo kikaingia ukungu, halafu maziwa yakaonekana yakikusanyika chini, meupe. Hadija alitazama ndani ya kile kioo akasema, "Kumbe yapo." Mama mkwe naye alisogea kutazama. Hakusema neno juu ya ukoo tena, ingawa hakuomba radhi pia. Mama wakwe hawaombi radhi, huleta kuku. Alileta kuku.

Lakini mpira ule ni mnene, na maziwa hupita kwa kuchelewa. Anayenyonya kwa kofia, akimaliza, mama akamue yaliyobaki, mtoto apewe kwa kijiko. La sivyo titi linadhani kazi imekwisha, linapunguza. Mtoto apimwe mara mbili kwa wiki, aning'inizwe kwenye mizani pale kwenye boriti, hata mama akisema anaona amenenepa. Macho ya mama hayana alama za gramu. Na kofia iwe ya kuachwa. Mtoto akishanyonya nusu, macho yamelegea, itoeni taratibu na mmsogezee titi tupu, lisilo na kofia. Mtoto aliyeshiba nusu hana ubishi. Hadija alimaliza siku kumi na tisa, akairudisha imefungwa kwenye leso.

Hizo siku kumi na tisa ndizo zilizotufikisha kwenye Halmashauri ya Kijiji.

Balozi mmoja wa nyumba kumi, Mzee Gunda, mke wake alikuwa na chuchu zilizochanika. Alitaka kofia. Tukamwambia mke aje tumwonyeshe jinsi ya kumshikisha mtoto, maana kofia haitibu mchaniko, unaotibu ni mdomo wa mtoto ukishika vizuri. Mzee Gunda alielewa kwamba amenyimwa. Akasimama kwenye kikao akasema kuna mali ya umma imekaa nyumba moja siku kumi na tisa, na kama huo si ubepari, basi yeye haujui ubepari.

Halmashauri ilikuwa na wanaume wengi na mwanamke mmoja, na wakati jambo hili linazungumzwa huyo mwanamke alikuwa ametumwa chai. Niliitwa kueleza. Katibu wa Kijiji, Ndugu Msengi, alikuwa mtu safi, mwenye kalamu tatu mfukoni, na kitu kisichoandikwa kwenye leja kwake kilikuwa hakijazaliwa.

"Ndugu Mhudumu," akasema, "kifaa hiki kwa sasa kinahifadhiwa wapi?"

"Kwenye sufuria."

"Mali ya kijiji haiwezi kukaa kwenye sufuria."

"Ndugu Katibu, hii inatakiwa ikae kwenye sufuria."

Wakacheka. Yeye hakucheka, aliandika. Ukapitishwa uamuzi kwamba kofia itawekwa kwenye kabati la ofisi ya kijiji, chini ya kufuli, na mama mwenye shida ataichukua kwa kutia saini au dole gumba, saa za kazi, na kuirudisha jioni, ili wote wapate sawa. Nikauliza mtoto atanyonya nini baada ya saa za kazi. Mtoto mchanga ananyonya mara nane, mara kumi kwa siku.

"Mara kumi!" akasema Mzee Gunda. "Sisi tunaolima tunakula mara mbili."

Ukutani nyuma ya Mwenyekiti palikuwa na bango la kupinga unyonyaji.

Nataka niwatendee haki. Hawakuwa watu wabaya. Trekta la kijiji lilikuwa limekufa kwa kugombaniwa, mashine ya kusaga hivyohivyo, na walichojifunza ni kwamba kitu cha wote kikikosa kufuli kinakufa. Waliipenda kofia, ndiyo maana wakaifungia. Kwa miezi tisa hakuna mama aliyekwenda kuiomba. Nani atoke na titi linauma, apite mbele ya wanaume wanaongoja barua, aweke dole gumba kwa ajili ya chuchu? Katibu alitoa taarifa kikaoni kwamba tangu utaratibu uanze, malalamiko yamekwisha.

Katika hiyo miezi tisa mimi nilikuwa na mimba. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, mpole. Rehema alizaliwa Bi. Salome akiwa zamu, kilo tatu kamili, akalia vizuri, akawekwa kifuani. Hakushika. Nilikuwa nimefundisha akina mama sijui wangapi kubana titi kama andazi, na sikuwahi hata siku moja kuziangalia chuchu zangu. Zilikuwa bapa. Ukizigusa zinarudi ndani kama kobe.

Nilifanya kila nililowafundisha wengine. Nilikamua, nikampa kwa kijiko. Kwa kijiko mtoto anaishi, lakini unakamua unalia, unalisha unalia, na kabla hujamaliza kulia saa ya kukamua imefika tena. Siku ya tisa maziwa yakaanza kupungua. Siku ya kumi na moja Bi. Salome alimning'iniza Rehema kwenye boriti: kilo mbili na nusu. Alisoma mizani, akasubiri itulie, akasoma tena. Nilimjua. Hasomi mara mbili.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kunisaidia uzazi. Alimtazama mjukuu akasema kwa masikitiko, "Huyu amebemendwa."

Mnajua maana yake. Kwamba mimi na mume wangu tumekimbilia kitandani kabla ya wakati, mtoto akadhurika. Nilikuwa na siku kumi na moja tangu nijifungue. Nilikuwa siwezi kukaa kwenye kigoda. Nikamwambia, kwa heshima zote, "Mama, labda mwanao alikuja akiwa ndotoni, maana mimi sikumwona." Aliondoka chumbani. Jioni majirani wote walikuwa wanajua mtoto wa mhudumu amebemendwa, na mimi, msomi, nimekosa adabu pia.

Asubuhi nikamfunga Rehema mgongoni nikaenda ofisi ya kijiji. Mwenyekiti, Mzee Ntandu, alikuwa peke yake, anatazama barabara. Nilianza na shikamoo. Hata ukienda kuvunja kufuli la mtu mzima, unaanza na shikamoo.

"Marahaba, Mama Rehema. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Amepungua nusu kilo."

"Mungu atasaidia."

"Naomba kofia, Mzee."

"Ipo kabatini."

"Najua."

"Ufunguo anao Katibu."

"Yuko wapi?"

"Singida Mjini, semina. Atarudi keshokutwa, gari likipatikana."

"Semina ya nini?"

Akajikuna kidevu. "Utunzaji wa mali ya umma."

Nikamwomba avunje. Akasema kufuli si lake. Nikasema nivunje mimi. Akasema hawezi kuniruhusu. Nikamwuliza kama anaweza kunizuia. Hilo alilifikiria kwa muda mrefu, mtu mzima na mguu wake mbovu, kisha akasema anasikia mbuzi wameingia kwenye shamba la shule, ngoja akaangalie. Hapakuwa na mbuzi.

Kwenye kona palikuwa na jembe ambalo kijiji kilipewa kama zawadi kwa kilimo bora. Lilikuwa halijawahi kugusa udongo. Niliingiza ncha yake nyuma ya komeo nikaegemea. Misumari ikatoka yote minne, Rehema akashtuka mgongoni akaanza kulia. Kofia ilikuwa rafu ya juu. Ofisi ina paa la bati, kabati liko chini ya bati, na joto la miezi tisa ni jingi. Mpira ulikuwa umeyeyuka, umegandamana na kitambaa cha wino wa muhuri, rangi ya zambarau. Kioo kilikuwa kizima. Ndugu Msengi alikuwa amekijaza pini za karatasi, kwa mpangilio, vichwa juu.

Nilikaa sakafuni. Nadhani nilikaa muda. Halafu nikamwaga pini, nikachukua kioo, nikaenda zahanati.

Bi. Salome alikipokea akakigeuzageuza. Hakuuliza nimekipataje. Alivuta kiti, akapanda, akatoa juu ya kabati la dawa mkebe wa maziwa ya unga ambao sikuwahi kuuona unafunguliwa. Ndani zilikuwemo chuchu za chupa. Ishirini, thelathini, sikuhesabu. Miaka yote ile kila mama aliyekuja na chupa ya dukani, Bi. Salome alimnyang'anya ile chuchu, akampa mhadhara wa kikombe na kijiko, akamrudishia chupa tupu. Nilidhani anazitupa.

"Unazifanyia nini?" nikauliza.

"Nilikuwa ninazichukia tu," akasema.

Alijaribu tano. Ya sita ilivikwa kwenye kile kioo ikakaa. Tukachemsha. Akaweka kioo juu ya kitambaa kipoe, na sisi wawili tukakaa tunakitazama, Rehema analia, hakuna aliyenyoosha mkono kwenye mtungi.

Rehema alivuta mara ya kwanza, akaacha. Akavuta tena. Kioo kikaingia ukungu. Nilijua kitakachofuata, nimekiona kwa watoto wa watu, na bado niliinama mpaka paji la uso likamgusa. Maziwa yalikuja.

Tulikaa na kofia wiki tano. Nilikamua baada ya kila mlo, nikampima mara mbili kwa wiki. Kilo mbili na nusu, mbili na robo tatu, tatu, tatu na robo. Mchana mmoja amelegea macho nikaitoa taratibu, akashika titi tupu kana kwamba hakuna kilichowahi kutokea. Watoto hawana shukrani na ni vizuri.

Ndugu Msengi aliporudi alikuta kabati wazi. Alikuja zahanati na leja.

"Kofia iko wapi?"

"Iko kazini," akajibu Bi. Salome.

Na ikaendelea kuwa kazini. Ilipotoka kwangu ilikwenda kwa mama mwingine, mjamzito wetu wa kliniki aliyejifungua mtoto mdogo sana, mwenye mdomo usioweza kufumbuka wa kutosha. Tulimpa pamoja na chuchu tatu za akiba na sufuria. Hakuweka dole gumba popote.

Halmashauri ilikaa baada ya mavuno. Shauri la kwanza lilikuwa mimi. Nilikwenda na Rehema, kwa kuwa hakuna wa kumwachia, mama mkwe alikuwa amenuna bado. Mzee Ntandu alifungua kikao bila kunitazama. Ndugu Msengi akasoma: kuvunja komeo, kuharibu mlango wa kabati, kutumia jembe la heshima isivyostahili, kumwaga pini. Nilikiri vyote. Pini hasa nilikiri kwa furaha.

Kumbe hawakutaka kunifukuza. Mwenyekiti alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba, kwamba kijiji kinanihitaji, kwamba mume wangu ni mwalimu wetu, kwamba nikiomba radhi na kurudisha kofia mambo yamekwisha, kabati limetengenezwa na lina kufuli jipya, kubwa zaidi.

"Nitaomba radhi kwa komeo," nikasema. "Komeo halikuwa na kosa."

"Na kofia?"

"Mtoto anayeitumia hajafikisha kilo tatu."

"Mtoto wa nani?" akauliza Mzee Gunda. "Iko nyumba gani?"

Rehema akaanza kuhangaika, nikamtoa mgongoni, nikafungua blauzi nikampa titi palepale. Wanaume wakatazama bati. Ndugu Msengi alitazama karatasi yake, ambayo tayari ilikuwa imeandikwa kuacha kazi kwa hiari, na nafasi ya saini imeachwa wazi. Akanieleza taratibu, kama anayemsaidia mtu, kwamba nikitaja nyumba, karatasi hiyo inachanwa, na nisipotaja itabidi nitie saini leo.

"Iko nyumba gani, Mama Rehema?"

Nilisikia Rehema anavyomeza. Ukishaisikia ile sauti kwa mtoto uliyedhani utamzika, hutataka mwingine aikose.

Mwenyekiti naye akauliza, kwa upole. Kisha Katibu akauliza tena, kalamu mkononi. Nikaichukua ile kalamu, nikatia saini, nikamhamishia mtoto titi la pili.